Uwongo Uliozaa Chama: Usomaji na Ujumuiya katika The Guernsey Literary and Potato Peel Pie Society

Riwaya ya The Guernsey Literary and Potato Peel Pie Society (2008), iliyoandikwa na Mary Ann Shaffer na kukamilishwa na mpwa wake, Annie Barrows, yaweza kuchukuliwa kuwa sifa tupu kwa vitabu. Msuko wake, hata hivyo, unadhihirisha dhamira iliyo tata zaidi: chama cha wasomaji kinachosawiriwa humo kilizaliwa na njaa na uwongo kabla ya kulelewa na mapenzi ya kusoma.

Kisiwa cha Guernsey, kilicho karibu na pwani ya Ufaransa, kilikaliwa na majeshi ya Ujerumani tangu mwaka 1940 hadi 1945. Katika riwaya, majirani wanamla kwa siri nguruwe aliyefichwa, kisha wananaswa na doria wakati wa kafyu. Elizabeth McKenna anawaokoa kwa kudai kwamba walikuwa wakijadili vitabu. Kinaya ki hapa: ili uwongo huo usifichuke, yawabidi kusoma kwelikweli.

Usawiri wa wasomaji hawa ndio ufanisi mkubwa wa riwaya. Isola anazama katika Wuthering Heights. Booker anashikilia barua za Seneca pekee. Clovis, mkulima aliyepigana Passchendaele katika Vita Vikuu vya Kwanza, anamthamini Wilfred Owen kwa kuwa alivijua vita alivyoviandika. Hakuna asomaye kama mwanachuo. Kila mmoja anakipima kitabu kwa maisha yake. Kwa njia hii usomaji unageuka mazungumzo, na majirani wanapata mahali ambapo mtawala hana neno la mwisho.

Ama kuhusu fani, riwaya imejengwa kwa barua za mwaka 1946, nyingi zikiwa za mwandishi Juliet Ashton na wale wanaoandikiana naye. Mtindo huu unawapa wanakisiwa sauti mbalimbali. Lakini Elizabeth, mwasisi wa chama, haandiki hata moja. Alikamatwa kwa kumficha kijana kutoka Poland, mmoja wa vibarua waliotumikishwa na Shirika la Todt, akapelekwa kambi ya Ravensbrück alikouawa. Msomaji anamjua kwa vinywa vya wengine tu, na pengo hilo linaipa riwaya uzito wake.

Papo hapo pana dosari. Vibarua wale, waliokuwa na njaa kuliko wote, wanaonekana kwa mbali tu. Hawamo katika chama wala katika barua. Remy, Mfaransa aliyefungwa pamoja na Elizabeth, anapewa nafasi ya kusimulia, ila hasa kuhusu Elizabeth. Aidha, kadiri riwaya inavyokaribia tamati, mapenzi ya Juliet na Dawsey yanalifunika suala hili.

Licha ya hayo, riwaya inafaa kusomwa kwa makini. Inathibitisha kwamba kusoma pamoja kwaweza kuunda jumuiya. Kupitia Elizabeth, inadokeza pia kwamba jumuiya hiyo hupimwa kwa namna inavyomtendea aliye nje yake.