Sandarusi ya Kilwa na Lindi: jinsi kemia ilivyoutambua utomvu wa kale

Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliiita sandarusi ya Zanzibar, na jina hilo limeganda hadi leo katika vitabu vya kemia. Lakini sehemu kubwa ya mzigo huo haikutoka kisiwani. Ilichimbwa bara, kwenye ukanda wa pwani kuanzia Mrima hadi Kilwa na Lindi, ikapakiwa majahazini, ikapita forodhani Unguja na kuchukua jina la soko lililoiuza. Kutoka hapo ilikwenda Bombay, London, Hamburg na Salem, mji wa Massachusetts ambao mfanyabiashara wake, Richard Waters, alikuwa konseli wa kwanza wa Marekani mjini Zanzibar mwaka 1837. Huko ilipikwa vanishi ya samani na magari ya farasi.

Hesabu za forodha zinatueleza biashara ya karne hiyo. Hazituelezi sandarusi ilianza lini kutumika, wala ilichomwa wapi kabla hajafika mnunuzi wa vanishi. Swali hilo limejibiwa na kemia, na njia iliyotumika inastahili kueleweka hatua kwa hatua, kwa sababu ushahidi wake unategemea mti ambao bado unaota katika misitu ya Kilwa na Lindi.

Mti wenyewe ni msandarusi, ambao pia huitwa mnangu. Kitaalamu ni Hymenaea verrucosa. Kila jani lake lina vijani viwili pacha, na tunda lake ni ganda gumu lililojaa vinundu. Ukikata kinundu unakuta utomvu ndani. Gome likijeruhiwa, utomvu hutoka, hushuka na kugandia kwenye shina au kudondoka mchangani. Spishi nyingine zote za jenasi hiyo zinazoishi leo ziko Amerika ya kitropiki. Huu pekee ndio wa Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1860, John Kirk, aliyekuwa akifanya kazi ubalozini Zanzibar, alionyesha kwamba sandarusi iliyochimbwa ardhini na ile inayotoka kwenye mti hai ni zao la spishi ileile.

Sokoni, hata hivyo, vitu hivyo viwili havikuwa na bei moja. Utomvu mpya wa mtini, chakazi, ni laini na hunata. Ule uliokaa ardhini muda mrefu ni mgumu, haukubali kucha, na ukisafishwa uso wake unaonekana una vipele vidogo vidogo vilivyopangana. Wachimbaji na wanunuzi walitofautisha kwa jicho na kidole jambo ambalo kemia ilikuja kulieleza baadaye.

Maelezo yanaanzia kwenye terpini, familia ya molekuli zinazobeba harufu za mimea mingi. Mmea huziunda kwa kuunganisha vipande vyenye kaboni 5 kila kimoja. Vipande viwili vinatoa molekuli ya kaboni 10, vitatu kaboni 15, vinne kaboni 20, na sita kaboni 30. Molekuli za kaboni 10 na 15 ni nyepesi, huruka hewani kwa urahisi, na ndizo nyingi katika mafuta ya kunukia. Za kaboni 20 na 30 ni nzito. Hizo hubaki.

Ndiyo maana mafuta ya mmea kama kivumbasi hupatikana kwa kuchemsha majani, kuupitisha mvuke kwenye bomba la kupoozea, na kuyatenga mafuta na maji. Mwaka 1981 Chogo na Crank walichapisha uchunguzi wa kivumbasi cha Tanzania na kuonyesha kwamba kiungo chake kikubwa ni eujenoli, kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Eujenoli si terpini, lakini nayo ni nyepesi vya kutosha kubebwa na mvuke. Kwa sandarusi njia hiyo ingekamata sehemu ndogo tu. Uzito wake mkubwa uko kwenye asidi za kaboni 20, zikiwamo asidi ya oziki na asidi ya zanzibariki.

Asidi ya oziki ina jozi ya viungo maradufu inayoiwezesha molekuli moja kushikana na nyingine. Hewa, mwanga na muda vikifanya kazi yao, molekuli hizo hufungamana kama nyuzi za wavu na kuwa polima. Hapo chakazi hugeuka sandarusi. Kwa sababu hiyo sandarusi ya ardhini haiyeyuki kirahisi kwenye spiriti, na mpishi wa vanishi alilazimika kuichoma kwanza kwa joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi ili polima ivunjike, ndipo aichanganye na mafuta ya kitani ya moto. Lakini asidi zisizo na jozi ile hazifungamani. Hunaswa ndani ya polima zikiwa huru, hata kwa karne nyingi, na hizo ndizo mkemia anazozitafuta.

Huko Unguja Ukuu, bandari ya kale kusini mwa kisiwa cha Unguja, wanaakiolojia walipata chetezo cha shaba cha karne ya 7 hadi ya 8 chenye mabaki ya utomvu. Kwa macho, mabaki hayo yangeweza kudhaniwa kuwa ubani wa Arabuni. Alison Crowther na wenzake walichapisha uchambuzi wake mwaka 2015. Kifaa kikuu kilikuwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya tungamo. Kazi ya aina hii huanza na chembe ndogo inayoloweshwa kwenye kiyeyushi, ili asidi zilizo huru zitoke. Asidi hizo huunganishwa na kemikali inayozisaidia kugeuka mvuke bila kuungua. Mvuke hupita kwenye mrija mwembamba mrefu, na kila molekuli hutoka kwa wakati wake. Mwisho huvunjwa vipande, na vipande vyake hupimwa tungamo.

Matokeo yaliamuliwa na idadi ya kaboni. Ubani halisi, utomvu wa miti ya Boswellia, hutambulika kwa asidi za kaboni 30. Utomvu wa kwenye chetezo ulikuwa na asidi za kaboni 20, kwa mpangilio unaolingana na wa msandarusi. Watu wa pwani hii walikuwa wakifukiza utomvu wa miti yao wenyewe zaidi ya miaka 1,000 kabla ya meli za Salem kutia nanga.

Ushahidi mwingine ulitoka ng'ambo. Sharma, bandari ya pwani ya Hadhramaut nchini Yemen, ilistawi kati ya mwaka 980 na 1180 hivi. Mtu angetegemea utomvu uliofukuliwa huko uwe ubani, kwa kuwa ni nchi ya ubani. Martine Regert na wenzake, mwaka 2008, walionyesha kuwa mwingi wake ni sandarusi. Tumezoea kusimuliwa kwamba manukato yalikuja kwetu kutoka Arabuni. Sharma inaonyesha kwamba yalikwenda pia.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Msandarusi unaota Kenya, Tanzania, Msumbiji na Bukini, na kemia hii inataja spishi, si ufuko. Hakuna anayeweza kusema kwamba sandarusi ya Sharma ilitoka Kilwa. Na hata spishi yenyewe haitajwi bila kulinganisha: mashine hutoa mchoro wenye vilele, na vilele havina maana mpaka viwekwe kando ya vilele vya utomvu uliokusanywa kwenye mti uliotambuliwa kwa jani, ua na tunda lake.

Kwa hiyo sampuli ya rejea ndiyo msingi wa kazi yote. Kilwa na Lindi zina misandarusi, lakini misitu yake inafyekwa kwa mashamba ya ufuta na kuchomwa mkaa. Kinachotakiwa si gharama kubwa: utomvu wa miti mingi, kutoka udongo na misitu tofauti, chakazi na sandarusi ya ardhini, kila kipande kikiwa na mahali kilipotoka na tawi kavu lililohifadhiwa kwenye hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tukiwa na mkusanyiko huo, tutaweza kupima kama utomvu wa Lindi unatofautiana na wa Bukini, na huenda mabaki ya Sharma yakapata asili yake. Kazi hiyo inapaswa kuanza sasa na kufanywa na wanafunzi wetu wa kemia, kwa kuwa mti uliokwisha kuwa mkaa hauwezi kutoa sampuli.