Mtumwa au Mtumishi? Msamiati wa Kutumikia katika Biblia ya Kiswahili na katika "Uhuru wa Watumwa"

Kitenzi kutuma kimezaa katika Kiswahili ukoo wa maneno ambao mwanafunzi wa sarufi huufurahia na mfasiri wa maandiko huuogopa. Mtumwa ni yule anayetumwa wala hana hiari ya kukataa. Mtume naye ni aliyetumwa, ila aliyemtuma ni Mungu, na heshima yake hutokana na huyo aliyemtuma. Mtumishi hatokani na kutumisha, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali na kutumika, kwa kanuni ile ile iliyotoa mpishi katika kupika na mwandishi katika kuandika. Aliye chini kabisa katika jamii na aliye juu kabisa katika dini ni ndugu wa mzizi mmoja. Mafundisho ya Kikristo yasemayo kwamba imani huonekana katika kuwatumikia wengine yalipoletwa pwani ya Afrika ya Mashariki, yalilazimika kuchagua maneno yake ndani ya ukoo huu.

Uchaguzi huo haukuwa mwepesi. Kiyunani cha Agano Jipya hutofautisha doulos, mtu aliye mali ya mtu mwingine, na diakonos, mtu atoaye huduma, hasa ya mezani. Katika Mathayo 20:26-27 maneno haya mawili yamepangwa kama ngazi iteremkayo: atakaye ukubwa ateremke hadi kuwa diakonos, na atakaye kuwa wa kwanza ateremke zaidi, hadi kuwa doulos. Biblia ya Muungano, iliyotolewa kamili mwaka 1952 ili kuondoa mgawanyiko wa tafsiri ya Unguja na ile ya Mvita, iliitunza ngazi hiyo. Ilitumia mtumishi kwanza, kisha mtumwa. Habari Njema, tafsiri iliyokamilika katika miaka ya 1990, ina mtumishi katika aya zote mbili. Vivyo hivyo Paulo anayejiita mtumwa mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi katika Muungano, katika Habari Njema ni mtumishi. Na ile hali ambayo Kristo anasemwa aliitwaa katika Wafilipi 2:7 imebadilika kwa namna hiyo hiyo.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo madogo ya kamusi. Sivyo. Ngazi ikibaki na kidato kimoja hapana tena mteremko, na hoja nzima ya kifungu ilikuwa ni mteremko. Isitoshe, neno lililobakizwa halikai mahali pake. Mtumishi wa leo nchini Kenya si mtu wa chini. Mtumishi wa umma ana ofisi, na mwananchi humngojea nje kwenye benchi. Mtumishi wa Mungu ni cheo cha mhubiri. Husalimiwa kwacho, huwekewa kiti cha mbele kwacho, na aghalabu hutumikiwa kuliko anavyotumikia. Neno lililoteuliwa ili kuondoa ukali limefikia kumpandisha mtu mahali ambapo kifungu kilitaka ashuke.

Mabadiliko ya kitenzi nayo yanastahili kuangaliwa. Katika Marko 10:45 Muungano ulitumia kutumika ili kueleza kazi ya Mwana wa Adamu, na Habari Njema ikaweka kutumikia. Kwa sarufi ya sasa Habari Njema imefanya vizuri, maana kutumikia humtaja anayehudumiwa, na msomaji hakwami. Hata hivyo sikio la mzawa wa lugha husikia katika kutumika jambo ambalo kutumikia hakuna. Jembe hutumika, kisima hutumika, kitanda cha mgeni hutumika, kitumikacho huchakaa. Yamkini wafasiri wa Muungano hawakukusudia maana hiyo, kwa kuwa kutumika kwa maana ya kuwa mtumishi kulikuwa Kiswahili cha kawaida. Lakini maana imo, na ni karibu sana na yale yanayofuata katika aya hiyo hiyo kuhusu kuutoa uhai.

Ni lazima hata hivyo upande wa pili upewe haki yake, nao si dhaifu. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Agano Jipya la Muungano lilipotolewa mwaka 1950, miaka 43 tu ilikuwa imepita, na waliozaliwa watumwa walikuwa bado wakiketi ibadani. Kwao mtumwa halikuwa fumbo la unyenyekevu bali lilikuwa jina lao la jana. Mhubiri ambaye babu zake hawakununuliwa kamwe hana gharama akijiita mtumwa wa Kristo mimbarani. Kumtaka mjukuu wa aliyenunuliwa alitamke neno hilo kwa furaha ni jambo jingine kabisa. Ikiwa wafasiri wa baadaye waliliepuka kwa kumhurumia huyo, huruma hiyo isibezwe.

Hapa ndipo "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934, kinapokuwa na faida kwa mjadala. Mwandishi alikuwa mzao wa watu waliokombolewa na kuwekwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na misheni ya CMS karibu na Mombasa mwaka 1875. Kitabu kilisomwa sana shuleni wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru wahakiki wamekishutumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi na kuwabebesha Waarabu mzigo wote. Shutuma hizo ni za haki. Lakini kasoro yake kubwa zaidi, kwa mtazamo wa somo hili, ni mwelekeo wa huduma. Shukrani ndiyo sauti inayotawala, na shukrani hiyo hupanda kwa wakombozi. Mkombolewa ni mtu wa kuokolewa, kulishwa, kufundishwa na kushukuru. Anayetumikia kwa ajili ya imani ni mgeni, na mwenyeji ni mahali pa kutendea wema. Kwa njia hii kitabu kinachotangaza mwisho wa utumwa kinamwacha aliyekuwa mtumwa katika hali ya kutendewa, kama vile umbo la neno mtumwa lenyewe lilivyo la kutendwa.

Historia ya eneo hilo hilo haikubaliani na picha hiyo. Mwaka 1864 George David, William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliotekwa utotoni na kulelewa India, walirudishwa pwani kumsaidia Rebmann huko Rabai. Mwaka 1885 Jones na Semler waliwekewa mikono na Askofu Hannington kuwa mashemasi, yaani madiakonos wenyewe, na mwaka huo huo Jones alifuatana naye katika safari ya kwenda Buganda. Askofu alipouawa huko Busoga mwezi wa Oktoba, ni Jones aliyewarudisha wapagazi waliosalia hadi Rabai. Hata hilo si kubwa kuliko lililotendeka Rabai kwenyewe, ambako Jones alikuwa mchungaji. Watoro waliowakimbia mabwana zao walipokewa humo na kupewa mahali pa kulima, ingawa maagizo rasmi ya misheni yalikataza, kwa kuogopa ghadhabu ya wenye watumwa. Mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikuta idadi yao katika vituo vya misheni imekuwa kubwa hata haikufichika. Kampuni ililazimika kutafuta fedha za fidia kwa mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru.

Sifa za tendo hilo zilikwenda kwa Kampuni iliyolipa. Lakini kabla ya malipo ilikuwapo miaka ya kuficha, kulisha na kunyamaza, na walioifanya kazi hiyo walikuwa Wakristo wa Kiafrika, wengi wao waliowahi kuitwa watumwa. Walihatarisha kijiji chao kwa ajili ya watu ambao hawakuwa jamaa zao. Kumwita Jones mtumishi, kwa maana ya sasa ya neno, ni kumpa cheo tu. Kumwita mtumwa wa wote, kwa ile ngazi ya Mathayo, ni kueleza alichofanya na alikotoka, kwa sharti moja: kwamba safari hii hakutumwa na bwana yeyote wa duniani.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi katika Yohana 15:15, ambapo wanafunzi wanavuliwa jina moja na kupewa jina la rafiki. Jina wanalovuliwa katika Muungano ni watumwa. Katika Habari Njema ni watumishi. Mtumishi kuwa rafiki wa bwana wake ni habari njema ya kadiri, kama karani kualikwa chai. Msomaji wa Rabai aliyekuwa na hati ya mwaka 1889 sandukuni alijua neno rafiki limesimama mkabala na neno gani, na ni nani waliomficha kabla hati haijaandikwa.