Wananchi wa Nakivale: Msimu wa Yanga wa 2022/23 Vinywani mwa Wapenzi Wake

Wahakiki wetu wamezoea kuitafuta fasihi simulizi kwa wazee, kando ya moto, katika ngano za sungura na fisi. Hapana ubaya. Lakini mwalimu wa Kiswahili afanyaye kazi katika Wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, hana haja ya kungoja usiku uingie. Aende sokoni Endiinzi, au asimame karibu na kibanda chochote cha video katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kisha aulize swali moja tu: msimu ule wa Yanga ulikuwaje? Atasimuliwa. Na simulizi atakayoipata itakuwa na mwanzo na msuko, itakuwa na mashujaa na maadui, na mwishoni itakuwa na kilio. Hayo ndiyo mambo tunayowafundisha wanafunzi wetu wayatafute katika riwaya.

“Msimu ule” hautajwi mwaka, wala hapana anayeuliza. Ni msimu wa 2022/23, ambapo klabu ya Dar es Salaam iliyoundwa mwaka 1935 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na kulikosa kombe bila ya kuzidiwa hata bao moja katika jumla ya mabao. Mimi nami ni mpenzi wa timu hiyo. Msomaji alijue hilo tangu sasa, ili ayapime maneno yangu kwa mizani inayofaa.

Mgeni atauliza kwa nini iwe Yanga. Mbarara ina klabu yake, Mbarara City, iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2017, na uwanja wa Kakyeka hauko mbali. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, ng’ambo ya Mto Kagera. Jibu la kwanza ni lugha. Nakivale ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipoikimbia nchi yao. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na wengi wao wanapotaka kuelewana hukutana katika Kiswahili. Mpira unaotangazwa kwa Kiswahili ni mpira wao. Jibu la pili ni majina. Yanga ya msimu ule ilikuwa na Fiston Mayele, Djuma Shabani na Yannick Bangala, wote waliopitia AS Vita ya Kinshasa. Ilikuwa na Joyce Lomalisa, Jesus Moloko na Tuisila Kisinda, Wakongo pia. Katikati ya uwanja alisimama Khalid Aucho, Mganda. Kwa hiyo Mkongo wa Nakivale na mwenyeji wa Endiinzi waliweza kukaa ubao mmoja, kila mmoja na mtu wake uwanjani.

Tuingie katika msuko. Wasimulizi dhaifu huanzia Zalan ya Sudan Kusini, iliyofungwa 4–0 na 5–0 katika mzunguko wa kwanza wa Klabu Bingwa. Huu ni mwanzo wa mwandishi anayeogopa kumtia shujaa wake matatani. Wasimulizi hodari huanzia Al Hilal. Hapo Yanga ilitoka sare ya 1–1 nyumbani, ikaenda Omdurman na kufungwa 1–0, Oktoba 2022, ikatupwa nje ya Klabu Bingwa na kuangukia Kombe la Shirikisho. Shujaa ameanguka, sasa atainukaje? Ikaja Club Africain ya Tunisia: 0–0 Dar es Salaam, na watu wakaanza kusema kwamba yamekwisha. Wiki moja baadaye, ugenini Tunis, Stephane Aziz Ki akafunga bao pekee. Nimemsikia kijana mmoja akilisimulia bao hilo kwa sauti ya chini mno, karibu kunong’ona, hata wasikilizaji wakalazimika kuinama kumwelekea. Hiyo ni fani, na hakufundishwa na yeyote kati yetu.

Kisha likapangwa kundi, na ndani ya kundi akamo TP Mazembe wa Lubumbashi. Hapa ndipo simulizi ya Nakivale inapoachana na simulizi ya Dar es Salaam. Kwa mpenzi wa Kariakoo, Mazembe ni mpinzani mkubwa aliyekwisha kuwa bingwa wa Afrika mara 5, na kumfunga ni sifa tu. Kwa Mkongo wa hapa, Mazembe ni nyumbani. Ni timu iliyowahi kufika fainali ya dunia ya vilabu mwaka 2010, na wapo watu ambao hawana kitu kingine cha kujivunia kutoka nchi waliyoiacha. Siku ya tarehe 19 Februari 2023 Yanga ilishinda 3–1 Dar es Salaam, na bao la tatu lilifungwa na Kisinda, Mkongo. Tarehe 2 Aprili ikashinda 1–0 kulekule Lubumbashi kwa bao la Farid Mussa, ikamaliza kundi katika nafasi ya kwanza.

Msimulizi afanyeje na habari kama hii? Wengine huiruka upesi. Wengine husema kwamba walishangilia pande zote mbili, maneno ambayo hapana mpenzi wa kandanda ayaaminiye. Simulizi bora niliyopata kuisikia ilitoka kwa mzee mmoja mwenye asili ya Kivu, ambaye alisema kwamba kila Mazembe ilipokuwa na mpira aliitazama miguu, na kila Yanga ilipokuwa na mpira aliyatazama majina. Hakueleza zaidi. Nadhani mhakiki naye asieleze zaidi.

Robo fainali na nusu fainali zaweza kupitiwa haraka, na wasimulizi huzipitia haraka. Rivers United ya Nigeria ilifungwa 2–0 kwao. Marudiano yakawa 0–0 huku taa za uwanja wa Benjamin Mkapa zikizimika katikati ya mchezo, kisa ambacho watu wa Nakivale hukisimulia kwa kicheko kikubwa, kwani kukatika kwa umeme katikati ya mpira ni jambo wanalolijua kuliko wachezaji wenyewe. Marumo Gallants ya Afrika Kusini ikafungwa 2–0, kisha 2–1.

Fainali haiwezi kuharakishwa. Tarehe 28 Mei 2023, USM Alger ya Algeria ilitangulia kufunga Dar es Salaam. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha. Dakika ya 84 Waalgeria wakafunga la pili. Marudiano ya tarehe 3 Juni, Djuma Shabani alifunga penalti mapema, Yanga ikashinda 1–0 mbele ya umati wa Algiers, na jumla ikawa 2–2. Kombe likabaki Algiers, kwa kuwa USM ilikuwa na mabao mawili ya ugenini na Yanga moja.

Hapa pana kosa la kisanaa ambalo karibu wasimulizi wote hulifanya. Wakifika mwisho, humleta mhusika mpya: kanuni. “Hatukufungwa,” husema, “tulitolewa na kanuni.” Kanuni hiyo hupasuka ghafla kama jini katika hadithi mbovu, jini ambalo halikutajwa tangu mwanzo na ambalo kazi yake ni kumwokoa mtunzi. Ulaya ilikwisha kuifuta kanuni hiyo mwaka 2021, na wasimulizi hulikumbusha jambo hilo kwa uchungu, kana kwamba Afrika iliihifadhi kwa ajili ya kuiadhibu Yanga peke yake.

Ukweli ni kwamba kanuni ilikuwamo ndani ya hadithi tangu ukurasa wa kwanza. Sare ile ya 1–1 na Al Hilal ilikuwa mbaya kwa sababu ya kanuni hiyohiyo: hata 0–0 kule Omdurman ingeitoa Yanga. Bao la Tunis lilikuwa tamu maradufu kwa sababu ya kanuni hiyohiyo: kama Club Africain ingalisawazisha, Yanga ingalipita. Msimulizi anayeujua ufundi wake angelipanda mbegu hiyo mapema, halafu msikilizaji, akifika dakika ya 84, angelijua mwenyewe kitakachotokea Algiers, naye angeumia kabla ya kuambiwa. Na tukisema kweli kama wapenzi, msimu ule ulipotea katika zile dakika mbili baada ya bao la Mayele, wakati timu nzima ilikuwa bado inashangilia moyoni. Kanuni ilifika baadaye kuja kuandika hati tu.

Lakini nimejiuliza kwa nini kanuni hii inauma Nakivale kuliko kanuni nyingine yoyote ya mchezo. Maneno nyumbani na ugenini, katika kinywa cha mtangazaji, ni istilahi za ratiba. Katika kinywa cha mtu ambaye amelima shamba la kugawiwa kwa miaka 15 na ambaye kadi yake inamtaja kwa neno mkimbizi, istilahi hizo haziwezi kukaa kimya. Yanga ilishinda ugenini na bado ikapoteza. Wasimulizi hawalisemi hili waziwazi, na hiyo ni heri kwa simulizi yao. Dhamira iliyotajwa kwa jina aghalabu hufa palepale. Husikika tu kwa jinsi wanavyolitamka neno ugenini, polepole, wakivuta silabi ya mwisho kwa ya tatu.

Kadhalika neno Wananchi. Hilo ni jina la utani la Yanga, na kibandani hupigwa kelele na watu ambao wengi wao kisheria si wananchi wa nchi waliyoketi wala hawawezi kurudi katika ile waliyokuwa wananchi wake. Wapo walimu wenzangu wanaolicheka jambo hilo kama kejeli. Mimi sioni kejeli. Naona watu waliolichukua neno ambalo ofisi zimewanyima, wakalitumia kwa dakika 90.

Kuhusu maudhui, lawama yangu kubwa ni juu ya yale yanayoachwa. Simulizi ya Nakivale haitaji Ihefu. Hata hivyo, ni Ihefu iliyoifunga Yanga 2–1 tarehe 29 Novemba 2022 na kuukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa, idadi ileile waliyoifikia Arsenal ya London mwaka 2004. Wala haitaji tarehe 16 Aprili 2023, Simba iliposhinda 2–0. Kuficha kipigo cha mtani wa jadi ni jambo la kawaida kwa mpenzi. Lakini tazama nani waliofunga siku ile: Henock Inonga, Mkongo, na Kibu Denis, mwenye asili ya Kongo, aliyepewa uraia wa Tanzania mwaka 2021. Yaani siku hiyo kulikuwa na hadithi iliyo karibu na Nakivale kuliko zote, hadithi ya neno mwananchi lenyewe, nayo imetupwa kwa sababu ilivaa jezi nyekundu. Ushabiki hapa umekula fasihi. Vivyo hivyo kiatu cha dhahabu cha ligi: Mayele alifunga mabao 17, na Saido Ntibazonkiza, Mrundi, alifunga 17 vilevile, akimalizia msimu Simba. Mkongo na Mrundi walilingana katika ligi ya Tanzania, na Warundi wa Nakivale wanaoipenda Yanga hulisema hilo kwa sauti ndogo.

Juu ya lugha nina mambo mawili. La kwanza ni malalamiko. Wasimulizi vijana wamewaiga mno watangazaji, hata kila shuti ni kombora, kila mlinda mlango ni ukuta, na kila kona ni hatari. Maneno yaliyotumika sana namna hii hayabebi tena kitu. Yule kijana wa Tunis alinipendeza kwa sababu aliyaacha yote hayo.

La pili ni utetezi. Walimu wengine huwakatiza wanafunzi wanaposema “ekipe” badala ya timu, au “balifungwa” badala ya walifungwa. Mtihani una haki yake, na sipingi kwamba Kiswahili sanifu kifundishwe. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwezi Julai 2022 kwamba somo hili liwe la lazima shuleni, na kazi iliyo mbele yetu ni kubwa, hasa katika nchi ambamo Kiswahili kiliogopwa kwa muda mrefu kama lugha ya askari. Lakini mtoto wa Kiganda au wa Kinyankole aliyekipata Kiswahili kibandani amekipata kikiwa lugha ya furaha. Amkatizaye katikati ya bao la Mayele atamrudisha kwenye woga wa babu zake. Mwache amalize, kisha mwulize upatanisho wa ngeli.

Mathalani neno kutetema. Sisi tulilijua kuwa ni kutikisika kwa baridi, homa au hofu. Wanamuziki wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kulichezesha, na Mayele, kwa namna yake ya kushangilia, akalitia uwanjani. Alifunga mabao 7 katika Kombe la Shirikisho, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote, na kila bao lilileta mtetemo huo. Leo mtoto wa Nakivale ukimwambia kwamba fulani alitetema, atadhani amefurahi. Siku nilipofundisha shairi lenye neno hilo kwa maana yake ya zamani, darasa zima lilicheka mahali ambapo mshairi alitaka walie, na ilinibidi nieleze kwa nusu saa.

Limebaki jambo la mwisho wa simulizi. Wote huishia Algiers, tarehe 3 Juni, penye kilio. Lakini msimu wenyewe haukuishia hapo. Yanga ilikwisha kutwaa ubingwa wa ligi, na tarehe 12 Juni ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani katika uwanja wa Mkwakwani, ikaishinda Azam 1–0 kwa bao la Kennedy Musonda. Makombe mawili ndani ya msimu mmoja, na siku 9 tu baada ya Algiers. Katika simulizi zote nilizozisikia Endiinzi na Nakivale, sijapata hata moja iliyofika Tanga.