Bahari za Ushairi na Maji ya Liemba

Ushairi wa Kiswahili una bahari nyingi, na hauna ziwa hata moja. Utenzi, tarbia, takhmisa, zivindo: kila moja huitwa bahari, kwa neno lililotoka kwa Waarabu, ambao tangu zama za Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa asili ya Oman aliyesomesha Basra katika karne ya 8, waliziita hivyo hivyo mizani za tungo zao. Ndani ya bahari hizo mshairi hutafuta vina. Na sikio la mtu wa pwani halishangai kwamba neno hilo hilo, kina, ndilo kipimo cha kutoka uso wa maji hadi chini. Kabla mtunzi hajashika kalamu, lugha imekwisha kumchagulia mahali pa kusimama, napo ni ufukweni, maji yakijaa na kupwa mbele yake.

Hilo si kosa la lugha. Taabu huanza pale ufuko huu wa maneno unapochukuliwa mzimamzima hadi mahali ambapo maji hayajai wala hayapwi.

Mahali penyewe ni Ufipa. Sumbawanga, ambayo wenyeji husimulia kuwa jina lake lina maana ya kutupa uchawi, imekaa uwandani juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwenye baridi, mahindi, ulezi na maharage. Kutoka hapo barabara ya kilomita 112, kupitia Matai, huteremka hadi bandari ya Kasanga, ambako Ziwa Tanganyika limelala kwenye mita 770 hivi. Upande wa kusini Mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja kabla haujalifikia ziwa. Mwaka 1867 Livingstone alipofika ncha hii ya kusini alisikia maji haya yakiitwa Liemba, na jina hilo ndilo walilopewa Waingereza kuibatizia upya meli ya Kijerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na kurudi kazini mwaka 1927. Jina likabaki ubavuni mwa chombo, mashairini halikupanda.

Shairi la mvuvi linalotungwa juu ya ufuko huu aghalabu huwa na sura moja. Alfajiri, mvuvi ateremka maji yakiwa yamekupwa. Ngalawa yake yamngoja mchangani. Mwezi mpevu wayavuta maji, bamvua lamletea riziki, na ubeti wa mwisho humwombea upepo utulie ili arudi salama kwa watoto. Vina vimetimia, mizani imetimia, na hapana neno la kweli humo hata moja.

Ngalawa yenye mirengu si chombo cha huko. Kasanga, Kipili na Kirando huvua kwa mitumbwi na maboti ya mbao. Bamvua halipo, kwa kuwa mwezi hauliinui wala kulishusha ziwa kwa kiasi cha kuonekana na mtu aliyesimama ufukweni. Lakini kosa la mwezi ni zito kuliko hilo. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za jua, wakiwakusanya samaki kwenye duara la mwanga katikati ya giza. Mwezi unapokuwa mpevu maji yote hung'aa, taa hushindwa, na vyombo hupumzika. Kwa hiyo mwezi ambao katika shairi ni mleta riziki, kwa mvuvi wa Kasanga ndio unaoifunga. Mtunzi ambaye angeketi naye usiku mmoja asingeukosa mgongano huu, na mgongano huu ungempa shairi bora kuliko lile alilotoka nalo nyumbani.

Na upepo je? Hapa ndipo kosa linapogusa tumbo. Kusi la ziwani ni ndugu wa kusi la Unguja: ni pepo zile zile za kusini-mashariki, ambazo baina ya Mei na Septemba hulisafiria bara kutoka Bahari ya Hindi. Pwani, kusi likikaza vyombo vidogo hukaa bandarini, na mshairi ana haki ya kulilaumu. Ziwani nako kusi huvunja mitumbwi na kuua watu, lakini lina kazi nyingine. Huyasukuma maji ya juu yenye uvuguvugu kuelekea kaskazini, upande wa Kigoma na Bujumbura, na huku kusini huyainua maji baridi ya chini, yaliyobeba rutuba iliyolala gizani. Rutuba ikifikiwa na jua, vimelea vya kijani hunawiri, vijidudu huvila, dagaa huwala vijidudu, na migebuka huwafuata dagaa. Ziwa lina kina cha mita 1,470, likizidiwa na Baikal peke yake duniani, ila samaki wanapata hewa katika mita 200 za juu tu, au pungufu. Zilizobaki ni ghala lisilokalika, na ufunguo wake anao kusi. (Kiswahili kina neno moja kwa ziwa la maji na ziwa la mama, ajabu ni uchache wa watunzi waliouona mlango huo ukiwa wazi.)

Mwisho wa msimu, Septemba kuelekea Oktoba, kusi hulegea. Maji yaliyolundikwa kaskazini hurudi, na tabaka la chini huanza kupembea, kwenda na kuja, mpembeo mmoja ukichukua wiki tatu, nne au zaidi. Uso wa ziwa waweza kuwa kama kioo ilhali chini yake mkondo unatembea. Basi ziwa nalo lina kupwa na kujaa kwake, lakini kwa siri, vilindini, na pasi na kumtii mwezi. Mvuvi wa mshipi asimamaye mwambani, akimtafuta sangara wa huko, aliye mwenyeji wa maji hayo na si yule aliyepandikizwa Victoria miaka ya 1950, huusoma mwendo huo kwa uzito wa kamba kidoleni. Hapa pana shairi zima, na halihitaji ngalawa.

Mtetezi atasema kwamba bahari ya mshairi ni sitiari, na sitiari haidaiwi hati ya forodha. Si kweli. Muyaka bin Haji alisikilizwa Mombasa kwa sababu wasikilizaji wake waliujua mji, vyombo na upepo aliowatajia. Fumbo lilisimama juu ya kitu kilichokuwapo. Sitiari iliyotoka katika sitiari nyingine ni mwangwi. Na wala haifai kuitupia lawama mizani, kama ilivyokuwa desturi katika mabishano ya miaka ya 1970, kwani shairi la mvuvi lisilo na vina nalo limeonekana likiwa na mwezi ule ule na ngalawa ile ile.

La kuchekesha kidogo ni kwamba watu wa maziwa hawakuwa wageni katika nyumba hii. Kaluta Amri Abedi, aliyewawekea watunzi sheria katika kitabu chake cha mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, kando ya Tanganyika hii hii. Euphrase Kezilahabi, aliyezivunja sheria hizo kwa Kichomi mwaka 1974, alitoka Ukerewe. Ziwa moja lilitoa hakimu na la pili likatoa mwasi. Ukerewe huko huko Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka, kisha akaitia mwenyewe katika Kiswahili, ikachapwa mwaka 1980. Na thamani ya kitabu hicho ni kuwa hakikuona haya kueleza kazi kama inavyofanywa, hatua kwa hatua, mpaka msomaji wa Unguja akajua pombe ya ndizi hupikwaje. Ni nathari, lakini somo lake ni la mshairi. Victoria, kwa hiyo, imepata wasemaji. Ncha ya kusini ya Tanganyika ingali ikisemewa na pwani, kama vile sokoni dagaa wa ziwa lote huitwa wa Kigoma.

Na kuna haraka. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba kuongezeka kwa joto na kupungua kwa upepo kumedhoofisha mchanganyiko wa maji ya Tanganyika, na wakakadiria kuwa uzalishaji wa vimelea vinavyolisha samaki huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Kisha kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo ili samaki wazaliane, katika kiini cha kusi. Mtoto wa Kasanga aliyekaa darasani miezi hiyo, mitumbwi ya baba zake ikiwa imefunikwa mchangani, angesomeshwa shairi linaloomba upepo utulie. Angelielewaje? Nyumbani kwao upepo ukitulia kwa miaka, sufuria hutulia nayo. Angejifunza mojawapo ya mambo mawili: kwamba shairi ni uongo, au kwamba maji yao hayastahili shairi.

Mtunzi atakayekwenda Liemba mwezi wa Oktoba atakuta maneno yanamngoja, kwa Kifipa, kwa Kirungu na kwa Kiswahili cha ufukweni: jina la wimbi lisilo na upepo, jina la maji yaliyobadilika rangi usiku mmoja, jina la kamba inapokwenda pembeni badala ya chini. Atakuwa na kazi ya kuyauliza kwanza, kabla ya kuhesabu mizani.