"Maisha Rahisi" au Maisha ya Kiasi? Lugha ya Ukarimu katika Maandishi ya Kikristo Burundi

Wasomaji wetu wengi ni wafasiri, wapende wasipende. Mwalimu wa Kiswahili aliyeko Gitega au Muyinga huletewa mahubiri ya Kirundi au hotuba ya Kifaransa, akaombwa kuiweka katika Kiswahili kwa ajili ya wageni wa Tanzania, Kenya au Kongo. Mada inayojirudia ni ile ya Mkristo kupunguza matumizi yake ili apate cha kumpa maskini. Katika makala haya tunahakiki lugha ya maandishi ya aina hiyo, kwa kuwa hapa neno likikosewa, fundisho lenyewe hugeuka.

Tuanze na "maisha rahisi". Mfasiri hukuta sifa ya Kifaransa yenye maana ya kutopenda makuu, akalikimbilia neno "rahisi". Lakini katika Kiswahili, kilicho rahisi ni kisicho kigumu, au cha bei ndogo. Anayeambiwa kwamba imani inamtaka aishi maisha rahisi ataelewa maisha ya raha, yaani kinyume kabisa. Sisi tunapendekeza "maisha ya kiasi", pamoja na kitenzi "kukinai".

Chukua mfano wa Kibimba, katika eneo la Gitega. Misheni ya Marafiki (Quakers) ilianzishwa hapo mwaka 1934 na Arthur Chilson, Mmarekani ambaye mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa misheni ya Kaimosi, Kenya. Tangu karne ya 17 huko Uingereza, dhehebu hilo lilisisitiza kiasi katika mavazi, usemi na mali. Baadhi ya Marafiki wa mwanzo walifungwa hata kwa kukataa kuwavulia mahakimu kofia. Anayeandika kwamba watu hao walichagua "maisha rahisi" amefuta gharama yote waliyoilipa.

Pili, kuna "umaskini" na "ufukara". Kamusi huyatazama maneno haya kama visawe, lakini matumizi ya Kanisa Katoliki yameyatenganisha. Mtawa, kwa mfano sista wa shirika la Bene Tereziya la Burundi, huweka nadhiri ya ufukara. Hiyo ni hiari. Mkulima ambaye shamba lake halitoshi kulisha watoto hakuweka nadhiri yoyote. Maandishi yanayosifu "umaskini" bila kutofautisha humwambia mwenye njaa kuwa njaa yake ni fadhila. Mpaka huo tuutunze.

Tatu, neno "sadaka". Mjini Muyinga, Waislamu na Wakristo ni majirani, na kwa muda mrefu Kiswahili nchini Burundi kimehusishwa na Waislamu na wafanyabiashara. Kwa Mwislamu, sadaka ni kitu anachopewa mhitaji kwa hiari, mbali na zaka ambayo ni faradhi. Kwa Mkristo wengi, sadaka kwanza ni fedha inayokusanywa kanisani. Mhubiri akisema "toeni sadaka" huku akimaanisha kuwalisha wahitaji, hana budi kuongeza "kwa maskini", la sivyo waumini watatazama kikapu tu.

Mwisho ni suala la sarufi. Katika maandishi mengi ya aina hii, maskini hawi mtenda wa sentensi. Yeye ni mtendwa: anapewa, anasaidiwa, anahurumiwa. Mtoaji ana jina na historia, mpokeaji hana. Kuna watakaotujibu kwamba hali ndivyo ilivyo, mwenye nacho ndiye atoaye. Hata hivyo Warundi wanao utaratibu wa ikibiri, ambamo majirani hulimiana mashamba kwa zamu, na leo anayesaidiwa kesho ndiye msaidizi. Katika Kirundi neno "ubuntu" hubeba utu na ukarimu kwa pamoja. Kiswahili nacho kina kauli ya kutendana: kusaidiana, kupeana, kulishana. Kauli hiyo iko karibu zaidi na ujirani unaohubiriwa kuliko "msaada kwa wasiojiweza".

Tunawashauri wanafunzi wetu wasichoke kuuliza, kabla ya kuandika neno, yule maskini akilisikia ataelewa nini. Maana ndiye anayezungumzwa, na mara nyingi amekaa pale pale, benchi la nyuma, anasikiliza.