Sharti la Mvua na Sentensi za "If"

Msomaji, katika mambo yanayomtaabisha mwanafunzi wa Kiingereza, machache humtaabisha kama sentensi za sharti. Neno lenyewe, "if", lina herufi mbili tu. Lakini wengi hujikwaa juu yake, wala si wavivu wala wajinga. Katika insha hii nataka kuyapima mafundisho ya sentensi hizo, nikitwaa mifano yangu Kitui na Makueni, ambako sharti si jambo la kitabuni bali ni la maisha.

Nchi hizo za Ukambani ni kavu. Hupata misimu miwili ya mvua: mmoja tangu Machi mpaka Mei, na mwingine tangu Oktoba mpaka Desemba, ambao ndio hutegemewa zaidi. Mkulima mwenye mbegu za ndengu, mbaazi au mtama hutazama mawingu, akasema, "Mvua ikinyesha, tutapanda." Aanzapo kukata tamaa husema, "Mvua ingenyesha kesho, tungepanda." Na msimu ukiisha mikavu, husema, "Mvua ingalinyesha, tungalivuna." Tumaini, shaka na majuto: hizo ndizo hali tatu za sharti, na mwana wa mkulima huzijua kabla ya kuingia darasani.

Vitabu vingi vya sarufi humpa mwanafunzi hali hizo kwa hesabu: namna ya kwanza, ya pili na ya tatu. Si haki kuulaumu mpango huo wote, maana hesabu ni ngazi, na mpandaji huhitaji ngazi. Ila ngazi si nyumba. Mwanafunzi huandika "If it rained tomorrow, we would plant", akapata alama yake, na huku moyo wake unauliza: kesho imepitaje? Swali hilo ni la akili, nalo lastahili jibu. Kiingereza hutumia umbo la wakati uliopita si kwa kuonyesha jana tu, bali pia kwa kuonyesha umbali na hakika. Jambo lisilotazamiwa hurudishwa nyuma hatua moja, lililokwisha kushindikana hurudishwa hatua mbili: "If it had rained, we would have harvested." Aliyefahamu hilo amepunguziwa nusu ya mzigo wa kukariri.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kuzisahau lugha alizokuja nazo mwanafunzi. Wengi wa huko huanza na Kikamba nyumbani, kisha Kiswahili, na Kiingereza huwa lugha ya tatu. Sasa Kiswahili hutia alama ile ile pande zote mbili za sentensi: -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-. Mwanafunzi akifuata mizani hiyo huandika "If it would have rained, we would have harvested." Kosa hili hupigwa wino mwekundu mwaka baada ya mwaka, lakini ni mara chache kuelezwa lilikotoka. Mwandishi wake hakukosa kufikiri. Alifikiri kwa utaratibu wa lugha nyingine. Na aambiwe kuwa "would" hukaa upande wa matokeo, na upande wa sharti hubeba kitenzi kilichorudi nyuma.

Hali kadhalika -ki- yetu hubeba maana mbili. "Jua likichwa, tutarudi nyumbani" haina shaka ndani yake. Lakini ukiifasiri kwa "if", Mwingereza atadhani unashuku kwamba jua litakuchwa. Hapo yafaa "when". Juu ya mvua ya Kitui, chaguo ni gumu zaidi: asemaye "when" ana imani, asemaye "if" ana hofu.

Hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Kuchagua umbo la sharti ni kutoa hukumu juu ya ukweli. Karibu na mji wa Kitui liko jiwe kubwa la Nzambani, na hadithi husema kwamba mtu akilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke mwanamume. Mwalimu na aulize darasa: tuandike "if you walk" au "if you walked"? Anayeiamini hadithi atachagua la kwanza. Asiyeiamini, la pili. Wote wawili watakuwa wamefuata sarufi, na kila mmoja atakuwa amefunua moyo wake.

Namna ya tatu nayo ni chombo cha mwanahistoria. Mwaka 1849 Krapf, ambaye mwaka uliofuata kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa, alifika Kitui kwa Kivoi, mkuu wa biashara ya misafara, na kutoka huko akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa safarini, na Krapf akaponea chupuchupu. Je, Kivoi asingaliuawa, safari ile ingalikuwa na mwisho gani? Asiyejua kuliunda swali hilo hawezi kuliuliza vema.

Basi, msomaji, usijifunze sentensi hizi kwa ajili ya mtihani peke yake. Wazee wetu waliweka sharti katika mithali: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na waliokawia kuziba walituachia nyingine: ningalijua huja baadaye. Kati ya mithali hizo mbili mna sarufi yote ya sharti, na maisha mengi ya watu.