Mikongo Mitatu

Neno mkongo kwangu lina maana tatu. Ya kwanza ni kijiji chetu, Mkongo, kwenye njia itokayo Kibiti kwenda Mloka, ng'ambo ya kaskazini ya mto Rufiji, pale kivuko kinapovusha watu kwenda Utete. Ya pili ni mti, ule ambao kwingine pwani huitwa mbambakofi: mbao zake ngumu, mchwa hawaziwezi, na mbegu zake nyeusi zimevaa kofia nyekundu utadhani zimechovywa rangi. Ya tatu ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zinazobeba mwanga ardhini kutoka mkoa hadi mkoa. Kijiji, mti na waya. Maisha yangu yamepita katikati ya hivyo vitatu, na ufundi ninaousifu hapa umeokota kitu kutoka kwa kila kimoja.

Ufundi wenyewe hauna jina la heshima. Nyumbani tuliuita kuchokonoa, na mtoto aliyelelewa vizuri alikatazwa kuchokonoa. Ni kazi ya mtu anayerudi jioni, akaoga, akala, kisha akaketi na kompyuta iliyokufa, bisibisi ndogo, taa ya kichwani na subira. Hakuna anayemlipa, wala hana duka. Anataka kujua kilichomo ndani, kwa nini kimesimama, na kama kinaweza kwenda tena. Nimefanya hivyo miaka mingi, na ninachoamini ni hiki: kifaa huwa chako siku unayokifungua. Kabla ya hapo umekishika tu.

Wa kwanza kunionyesha alikuwa mjomba, fundi redio aliyekuwa na kibanda chini ya mwembe. Zama zake kompyuta haikuwa kitu cha nyumbani. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila kibali maalumu, na mashine chache zilizokuwapo zilikaa kwenye ofisi kubwa za mjini. Mashine ya watu ilikuwa redio, na nyingi zilikuwa National, za kampuni ya Matsushita, ambayo ilifungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Betri zikichoka, bibi alizianika juani pamoja na mpunga, zikapata nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya jioni moja. Redio ikinyamaza kabisa, ilikwenda kwa mjomba.

Mjomba hakuanza na bisibisi. Alianza na maswali, kama mganga. Ilinyamaza ghafla au ilififia? Ilianguka? Ilinyeshewa? Ulisikia harufu? Aliamini kwamba mwenye redio anaujua ugonjwa hata kama hajui jina lake. Baada ya kusikiliza ndipo alipofungua, na kila skrubu aliiweka ndani ya kizibo cha soda, vizibo vikafuatana mezani kwa mpangilio wa kufungulia, ili kurudi kuwe kuifuata njia ile ile kinyumenyume. Jioni aliandika katika daftari: redio ya nani, iliugua nini, ilipona kwa nini. Leo nafungua mashine ambazo yeye hakuziota, na sijapata utaratibu bora kuliko huo. Maswali, vizibo, daftari.

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, kutoka Kariakoo. Ilifanya kazi dakika kumi ikazimika, ikapumzika, ikawaka, ikazimika tena. Niliambiwa ubao wake mkuu umekwisha. Nilipoifungua nilikuta feni imevaa blanketi la vumbi, na ule uji mzito wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo umekauka ukawa kama chokaa. Prosesa ikikaribia nyuzijoto 100 hujizima yenyewe ili isiungue. Mashine ile haikuwa imekufa, ilikuwa inajiokoa. Nilipuliza vumbi, nikafuta chokaa, nikapaka uji mpya kiasi cha punje ya mchele, nikafunga. Ilidumu miaka sita. Watu hufikiri furaha ya kazi hii ni kuwaka kwa taa. Kwangu furaha ilikuwa imefika mapema zaidi, pale nilipoelewa kwa nini inazimika, kwani kuanzia hapo sikuwa naibembeleza tena mashine. Tulikuwa tunaelewana.

Nimeharibu pia. Usiku mmoja niliunganisha chanya na hasi kinyume, nikasikia mlio mdogo kama wa ukucha, nikanusa harufu kali, na bodi ya mtu ikawa imekwenda. Niliilipa kwa mpunga. Tangu siku hiyo mita ya umeme ndiyo kifaa cha kwanza mkononi mwangu: napima kabla ya kuunganisha, nikishaunganisha napima tena. Haraka katika ufundi huu hutozwa papo hapo.

Huku bondeni jambo la kwanza si kasi ya kompyuta. Ni umeme. Juu ya mto wetu limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza ukiwashwa mwaka 2024, nami najivunia kwamba maji ya Rufiji yanaiwashia nchi taa. Lakini mchokonoaji wa kijijini huhesabu kwa wati moja moja. Chukua betri ya gari la kawaida, volti 12 na saa-ampea 50. Ukizidisha unapata saa-wati 600, ila betri ya risasi haipendi kukamuliwa hadi mwisho, kwa hiyo tumia nusu tu, 300. Kompyuta ya mezani na skrini yake ikila wati 100, una saa tatu. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ile bodi ya ukubwa wa kadi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ikila wati tano, una saa 60. Betri ni ile ile na jua linaloichaji ni lile lile. Aliyefanya hesabu hii hatanunua mashine kwa kuvutiwa na ukubwa wake.

Hesabu ya pili ni ya njiani. Watu wengi hutoa umeme wa betri, wakaupandisha kwa inveta hadi volti 230, kisha chaja ya kompyuta ikaushusha tena hadi 19. Kila ngazi inakula sehemu yake na kuigeuza joto. Mimi natumia kigeuzi kidogo kinachopandisha volti 12 moja kwa moja hadi 19, na inveta imelala. Betri za kompyuta zilizokufa nazo sizitupi kabla ya kuzifungua na kuzipima. Ndani yake mna silinda kadhaa, kila moja ya volti 3.7 hivi, na mara nyingi zilizokufa ni mbili tu zilizowaangusha wenzao. Zilizo hai huwa taa ya kusomea. Lakini silinda iliyoshuka mno haifufuliwi, wala hakuna inayochajiwa kupita volti 4.2, kwa sababu huweza kushika moto na kuondoka na nyumba. Hapa ushujaa hautakiwi.

Vyombo vyangu vyote viko juu. Mkulima wa Rufiji hujenga dungu shambani, nyumba ya miguu mirefu, akakaa humo kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na mto ukipanda humpita chini. Maji yakiondoka hulima mlau, yaani hupanda katika tope lililobaki. Hakupigana na mto, aliusoma. Nami nimeijengea mitambo yangu dungu: rafu ya mbao za mkongo, karibu na dari, betri na waya vikiwa juu ya alama ambayo wazee wanasema maji yalifika.

Mto huu umewahi kuona pia mashine isiyotengenezeka mahali ilipo. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilishambulia meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha injini yake ikaharibika, ikarudi kujificha katika delta, upande wa Salale. Kipuri kilichovunjika hakikuweza kutengenezwa hapo. Kilibidi kisafirishwe nchi kavu hadi Dar es Salaam, kitengenezwe, kirudishwe. Muda huo Waingereza wakafika wakaziba milango ya mto. Meli haikutoka tena, na Julai 1915 iliishia mikokoni. Mizinga yake kumi ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, mafundi wakaifungia magurudumu, ikapiganishwa nchi kavu. Majina ya waliobeba vyuma vile sijayaona mahali. Ninapokiwaza kisa hicho siwazi vita. Nawaza kwamba chombo kikubwa kiasi kile kilichoingia delta yetu kilikuwa mateka wa kipuri kimoja. Mashine ambayo tiba yake iko mbali haina uhuru, hata iwe na mizinga.

Hii ndiyo sababu napenda programu huria. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni programu unayoruhusiwa kuifungua kama mjomba alivyofungua redio: unaisoma, unaibadilisha, unamgawia jirani, na hukuibia mtu. Nimeiweka katika kompyuta kuukuu ambazo wenyewe walikuwa wamezikatia tamaa, nikaondoa na diski ya kuzunguka nikaweka ile isiyo na kinachozunguka, zikaamka. Na programu huria haikuishia kuwa mali ya wageni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Waliweza kwa sababu mlango wa programu ile ulikuwa wazi. Ingekuwa imefungwa wangebaki kuandika barua za maombi kwa mwenye ufunguo.

Msimu wa mwaka 2024 ulitupima. Aprili mto ulipanda, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakazama, watu wakahama na vyungu vyao. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikapiga Mafia, na barabara kuu ya kusini ikakatika upande wa Kilwa. Tarehe 12 Mei zikakatika nyaya za baharini, SEACOM na EASSy, ambazo tangu 2009 na 2010 zilikuwa zikituunganisha na dunia, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Ardhi, anga na bahari vilifunga milango ndani ya wiki chache. Hata mkongo wa kioo ukiwa mzima ardhini, huko ulikokuwa unaelekea njia ilikuwa imekatika.

Juu ya rafu yangu palikuwa na ile bodi ndogo ya wati tano. Ndani yake nilikuwa nimeweka Kiwix, programu inayohifadhi maktaba nzima ya kusomwa bila intaneti: Wikipedia ya Kiswahili, sehemu ya ile ya Kiingereza, vitabu vya hisabati na afya. Bodi yenyewe inarusha Wi-Fi yake. Simu yoyote iliyo karibu hufungua bila bando. Wanafunzi wa kidato cha nne walikaa barazani kwangu jioni hizo wakisoma mzunguko wa damu na mmeng'enyo wa chakula, kila mmoja na simu yake, wengine wawili wawili kwenye simu moja. Binti mmoja aliniuliza intaneti hii inatoka wapi. Nikampandisha kwenye kigoda, nikamwonyesha bodi, waya mwekundu, waya mweusi, betri, kisha paneli ya jua kupitia dirisha. Akafuata waya kwa kidole hadi mwisho. Akashuka akaniuliza swali la mjomba: na ikinyamaza, unaanza kutazama wapi?

Mkongo wa Taifa ni jambo kubwa, na siku utakapofika kwa kila mlango nitashangilia. Lakini waya huleta kilicho mbali. Kinachoweza kukaa kijijini wakati waya umekatika ni ujuzi ulio mikononi mwa watu wa hapo, na huo hufanana na ule mkongo wa pili: hukua polepole, na ukishakomaa hauliwi na mchwa.

Kwa hiyo nina ombi moja, kwa walimu na kwa wazazi. Kila shule ya sekondari ya Rufiji na Kibiti iwe na meza moja ya vitu vibovu: redio, simu, kompyuta, chaja, chochote kilichokufa na hakina wa kukililia. Juu ya meza pawe na bisibisi, mita moja, vizibo vya soda na daftari. Chini ya usimamizi wa mwalimu, watoto waruhusiwe kufungua, na wasiadhibiwe kwa kuharibu kilichokuwa kimeharibika. Vitu vibovu tunavyo tayari katika kila nyumba. Kilichobaki ni kutenga meza.